Hatua Sitini na Tatu

"Mjane haongozi jeneza."

Abdulwahab alisema hivyo mara tatu asubuhi ile. Mara ya kwanza alisema kwa upole, mara ya pili akataja vitabu, na mara ya tatu akasimama kabisa mlangoni pa chumba cha shemeji yake, akapaza sauti mpaka majirani waliokuwa wakitandika mikeka uani wakaacha kutandika.

"Shemeji, kaka amefariki alfajiri. Kaburi linachimbwa hapa hapa Kahama, vijana wameshafika kiunoni. Adhuhuri tunazika. Wewe eda yako imeanza. Kaa ndani usomewe, ulie. Huko Kharumwa unakwenda kufanya nini?"

"Kuwaonyesha mahali," Mwahija alijibu.

"Tuelekeze tu, tutapaona."

"Hapana alama pale, Abdulwahab. Pana jiwe na hatua sitini na tatu. Utaanza kuhesabu upande gani wa jiwe? Utaelekea wapi?"

Abdulwahab hakuzoea kuulizwa maswali. Alikuwa na mashine mbili za kukoboa mpunga, na katika mtaa ule neno lake lilikuwa linasikilizwa kabla hajalimaliza. Akamgeukia sheikh, aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi yake, akitumaini huko atapata msaada.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Profesa Hatibu Sufiani, aliyefundisha hesabu chuo kikuu miaka thelathini na minne kisha akastaafu na kurudi kwao Kahama, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Sufiani, jina la babu yake. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mbele kidogo ya Kharumwa, duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lilititia na kumfukia Sufiani na wenzake watatu. Hakuna aliyetolewa, ila profesa alipima akasema wamelala hatua sitini na tatu kutoka kwenye jiwe moja kubwa. Miaka miwili baadaye, wakiwa mezani, mbele ya mkewe na binti yao Raudha, profesa alisema: "Mimi nikifa nipelekeni kwa Sufiani." Hakulirudia tena neno hilo. Lakini Mwahija alikuwa mtu wa kusikia jambo mara moja.

Sheikh alifikiri, akauliza kama Raudha anapajua mahali penyewe. Raudha alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, amemfuata baba yake katika kazi. Alijibu kwamba tarakimu anazijua zote, ila hajawahi kukanyaga pale, maana baba yake hakutaka.

"Basi hiyo ni dharura," sheikh akasema. "Wasia usiokuwa na madhara haupuuzwi. Mama aende, aonyeshe, arudi aingie eda. Ila maiti asicheleweshwe. Jua lisizame kabla hajalala chini."

Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa. Ikaswaliwa uani saa tatu na nusu. Jeneza la msikiti likaingizwa ndani ya Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma, wakapanda wanaume wanne, Mwahija na Raudha. Gari lilipokuwa linawaka, Samia alikuja mbio na daftari kifuani.

Samia alikuwa binti wa Sufiani. Baba yake alipofukiwa, alikuwa na mwaka mmoja na meno manne. Mama yake aliolewa Geita baadaye, mtoto akabaki kwa babu na bibi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi babu alipanda basi la Kharumwa, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akishanawa miguu humwita mjukuu wake. Samia huleta daftari na rula. Babu husema tarehe, kisha husema: "Hatua sitini na tatu. Mahali ni pazima." Samia huandika, hupiga mstari chini. Kwa miaka mitano sasa daftari hilo lilikuwa kazi yake, na ndani yake ndimo alimokuwa na baba.

"Bibi," alisema dirishani, macho yamevimba kwa kulia, "mkifika mhesabu. Nitaandika mkirudi."

"Tutahesabu," Mwahija akamwambia.

*

Njia ilikuwa ya vumbi, na waliokuwa ndani ya gari walifanya kile wafanyacho watu wote wanaosindikiza maiti ya mbali. Kwanza walisoma, halafu walinyamaza, halafu wakaanza kumsema marehemu.

"Profesa mzima wa hesabu," Abdulwahab alisema huku akitikisa kichwa, "lakini sokoni alikuwa anapunjwa kama mtoto. Muuza nyanya anamrudishia chenji pungufu, yeye anatia mfukoni na kuaga. Mimi nilikuwa naona haya."

"Alikuwa anajua," Mwahija alisema.

"Anajua, halafu ananyamaza?"

"Alisema yule mama wa nyanya naye ana hesabu zake."

Wanaume wakacheka kidogo, wakajizuia kwa heshima ya jeneza. Raudha naye akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akikata tikiti la futari. Alizoea kulipima kwa uzi kabla ya kutia kisu, watoto wamekaa mate yanawatoka na adhana imeshaisha, mpaka mama ampokonye kisu na kukata ovyo. Na aliyepata kipande kikubwa siku zote alikuwa Sufiani, kwa sababu baba alikuwa akimsogezea cha kwake akidhani hakuna anayeona.

"Jambo moja," Mwahija alisema akitazama nje, "hakuwahi kuniambia 'kama saa mbili hivi'. Miaka thelathini na tisa. Ukimwuliza utarudi saa ngapi, anakwambia saa kumi na mbili na dakika kumi. Akichelewa dakika tano, anaomba radhi. Kuna wanawake wanaolala na waongo maisha yao yote. Mimi Mungu aliniepusha."

Walikuwa wamepita mashamba ya mpunga yaliyovunwa na kuanza kuona vibanda vya turubai, magunia ya mawe yaliyopangwa kando ya njia, na karasha za kusaga mawe zikiunguruma chini ya miembe michanga.

*

Mwahija alikuwa na miaka minne hajafika pale. Magoti yalikuwa yamemkataza safari, na profesa alikuwa akimwambia apumzike tu, yeye anatosha kwenda kwa niaba ya wote wawili. Aliacha uwanda wenye mashimo na vichaka. Alichokikuta ni uzio mrefu wa waya, lango la chuma, na ubao wenye maandishi mengi ya makatazo. Habari za uzio alikuwa amesimuliwa. Alikuwa ameambiwa pia kwamba mwekezaji aliyeuziwa leseni ni mtu muungwana, anamruhusu mzee kuingia.

"Jiwe liko wapi?" Raudha aliuliza.

Mwahija alitazama juu ya uzio. Aliona mlima wa kijivu ambao hakuukumbuka. "Litakuwa nyuma ya ule mlima," alisema.

Mlinzi wa lango alikuwa msichana aliyevaa sare mpya iliyomzidi mabega. Jina lililoshonwa kifuani lilikuwa Loveness. Alitoka na kitabu cha wageni mkono mmoja na kidude cheusi mkono wa pili.

"Karibuni. Kila anayeingia anapuliza hapa."

"Nini hicho?" Abdulwahab aliuliza.

"Kipima ulevi, mzee."

Abdulwahab alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya mkono aliyoinunua Makka. Aligeuka kuwatazama wenzake ili ahakikishe wamesikia. "Binti yangu, mimi nimehiji mara mbili."

"Nimekuelewa, mzee. Ni utaratibu. Hata mapadri wanapuliza."

Akapuliza. Akapuliza vibaya, akaambiwa arudie, apulize kwa nguvu mpaka kidude kilie. Akarudia mashavu yamemjaa, kwenye jua la saa saba, huku jeneza la kaka yake likiwa nyuma ya mgongo wake na madereva wawili wa malori wakimtazama. Kidude kikalia. "Mzima," Loveness akasema, akaandika. Wakapuliza wote, mmoja mmoja, na Mwahija akapulizia ndani ya ushungi wake mweusi.

"Wageni wangapi?"

"Sita," Raudha alijibu.

Loveness alichungulia ndani ya gari. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa mtu wa siku ya nne kazini. "Na huyu?"

"Huyo ni marehemu."

"Naye anaingia?"

"Ndiye anayeingia. Sisi tunamsindikiza."

"Basi ni saba. Kitambulisho chake mnacho?"

Raudha alifungua mkoba, akatoa kitambulisho cha baba yake. Alikuwa amekiweka tangu wiki ile walipompeleka hospitali kwa presha. Loveness akanakili namba yote bila kuruka hata moja. Akauliza kazi, akaambiwa profesa mstaafu, akaandika. Akauliza sababu ya kuingia.

"Andika mazishi," Abdulwahab alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Kalamu ikasimama. "Hiyo haimo. Kuna kazi, ziara, kuleta mzigo." Akasoma mpaka chini ya ukurasa. "Kuna mengineyo. Niweke mengineyo?"

"Weka, binti yangu," Mwahija alisema. "Weka hiyo."

*

Kutoka kwenye kibanda cha walinzi alijitokeza mwanamume wa makamo mwenye sare kama ya Loveness, ila yake imepauka. Alimtazama Mwahija, akavua kofia.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma. "Ni wewe? Mama Sufiani?"

"Ni mimi, baba. Nawe ni nani?"

"Cornel. Ulitupikia ugali siku tisa."

Akamkumbuka. Siku zile tisa walipochimba kuwatafuta waliofukiwa, Mwahija alikaa juu na sufuria, akawapikia wachimbaji waliokuwa wakishuka kwa zamu. Cornel alikuwa mmoja wao, kijana mwembamba aliyekula kwa haraka na kurudi chini. Sasa alikuwa na kitambi kidogo na kifimbo cha ulinzi. Alikwenda mpaka kwenye gari, akaliona jeneza.

"Mzee amefariki lini?"

"Leo alfajiri."

"Ee Mungu wangu." Akajifuta uso kwa kofia. "Mzee alinifundisha kupima. Alikuja na kamba yake ya katani na dira, kwenye mlango wa duara watu wanapiga kelele, wengine wanataka kuchimba huku, wengine kule. Yeye akasema nyamazeni. Akaniuliza mimi, wewe ulipoteremka uligeuka mara ngapi? Kila kona ulipiga magoti mangapi? Akaandika yote. Akasema kata kulia. Tulikata kulia siku tisa, mayu. Siku waliyotusimamisha, aliniambia, Cornel, zimebaki mita sita."

"Nakumbuka," Mwahija alisema.

"Walisema hewa mbaya, maji yanakuja, tutakufa na sisi. Labda ni kweli. Mimi ningeshuka." Akageukia wanaume. "Na yule Sufiani hakuwa mchimbaji. Alikuwa karani wetu. Alishuka siku ile kupima tumefika wapi. Ndiye pekee aliyejua kupima, baba yake kamfundisha."

Raudha aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa likijulikana nyumbani kwao na halikuwahi kusemwa.

"Cornel," Mwahija akasema, "tufungulie. Tuna hatua sitini na tatu tu. Tunachimba wenyewe, majembe tumekuja nayo. Kabla ya magharibi tumeondoka."

Cornel aliitazama ardhi. Alikitazama kifimbo chake, lango, na Loveness. Alikuwa na watoto watano na mshahara huo mmoja, lakini si hilo lililomfanya ashindwe kumtazama usoni.

"Mimi mlinzi tu, mayu. Ngoja nimwite injinia."

*

Walingoja saa moja na nusu. Meneja alikuwa safarini na simu yake haipatikani, tena ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Abdulwahab alikwenda na kurudi mbele ya lango, akitazama jua kisha saa, saa kisha jua. Loveness alileta maji ya chupa, akawagawia wote sita. Mwahija alikaa ndani ya gari, mkono juu ya jeneza, na kila gari lilipotokea upande wa ndani alikaa sawa.

Saa tisa kasoro, kijana mwenye kofia ngumu alishuka kutoka kwenye gari jeupe la mgodi. Alitembea haraka, alipomwona Mwahija akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama. "Fredy?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Moyo wa Mwahija ukaruka kwa furaha. Fredy huyu aliwahi kufeli hesabu mwaka wa pili, na profesa akamfundisha bure likizo nzima kwenye meza yao ya kulia, asubuhi mpaka jioni, mchana anakula pilau yao. Aliporudia mtihani akafaulu, alileta kuku wawili hai kwa basi kutoka kwao. Kumbe ndiye injinia! Mungu hamtupi mja wake. Mwahija aliteremka garini bila kusaidiwa.

"Alhamdulillahi. Fredy mwanangu, mwalimu wako huyo hapo. Tufungulie tumzike."

Fredy hakwenda langoni. Alimshika mama yule mkono, akamketisha kwenye benchi la Cornel, naye akachuchumaa mbele yake. Raudha akasogea, Abdulwahab naye akasogea.

"Mama, hata nikiruhusiwa kulifungua, sina pa kuwapeleka."

"Kuna jiwe kubwa, limepakwa rangi nyeupe..."

"Lile jiwe lilipasuliwa."

"Si neno. Tutahesabu kutoka lilipokuwa."

"Mama, nisikilize. Mahali pale hapapo." Alionyesha ng'ambo ya uzio. "Sasa ni shimo. Ukisimama ukingoni, malori yaliyo chini unayaona kama viberiti. Ule mlima mnaouona ni mawe yasiyo na dhahabu. Yaliyokuwa nayo yalipelekwa mtamboni, yakasagwa."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na watu wanne?"

Kofia ilikuwa bado kichwani mwa Fredy. Akaivua wakati huo. "Hatukuona kitu. Nilisimama mwenyewe ukingoni wiki ile nzima, nikitazama. Lakini kijiko cha mashine ile kinabeba chumba kizima kwa mara moja. Nisikudanganye. Hatukuona kitu."

Abdulwahab akasema innalillahi. Raudha alikuwa akitazama mlima wa kijivu na hakuweza kuacha kuutazama. Mwahija alikuwa mtulivu, kama mtu ambaye ameona kosa katika maneno ya mwenzake na atalirekebisha.

"Hilo la lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa nane."

"Basi umekosea mahali, mwanangu. Mume wangu alikuwa hapa mwezi uliopita. Akahesabu hatua, akakuta ni zilezile. Mjukuu wetu ameandika."

Fredy na Cornel walitazamana. Wakati mwingine macho ya watu wawili yakikutana yanasema jambo lote, na Mwahija hakuwa mjinga. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Semeni," alisema.

"Nilimwambia mwenyewe," Fredy alisema. "Nilimpigia simu akaja. Nilimpeleka ukingoni, akatazama. Baadaye akaniomba nisikwambie. Alisema atakwambia mwenyewe, mwezi ujao."

"Kila mwezi alikuwa anasema mwezi ujao," Cornel aliongeza kwa sauti ya chini. "Lakini kuhesabu alihesabu, mayu, Mungu anaona. Anashuka kwenye basi, ananisalimia, nampa chai. Halafu anaanzia pale kwenye nguzo ya lango, anatembea pembeni ya uzio, hatua sitini na tatu. Anasimama, anaomba dua, anarudi. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Ningemwambia nini?"

Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, Mwahija alimchukia mumewe kwa moyo wake wote. Alimchukia hapo hapo, maiti yake ikiwa hatua kumi kutoka alipoketi. Miaka miwili. Miezi ishirini na mitano! Alikuwa akimpokea na maji ya kunawa miguu, akimwuliza mahali pakoje, na mtu yule wa dakika kumi na dakika tano anamtazama machoni na kumjibu pazima.

"Alinidanganya," alisema. "Hatibu alinidanganya." Halafu akalia. Tangu alfajiri hakuwa amelia, na sasa alilia kwa sauti kubwa, ushungi mdomoni, mpaka Loveness aliyekuwa langoni akaanza kulia naye bila kujua vizuri analilia nini.

*

Jua halikungoja. Abdulwahab alipiga simu tatu. Wakirudi Kahama jua lingewazamia njiani. Kuzika kando ya uzio haikuwezekana, Fredy alisema, eneo lile nalo limo ndani ya leseni. Mwishowe imamu wa Kharumwa, mtu wasiyemjua, aliwaambia wamlete Mwislamu mwenzao, mahali papo, na vijana wa msikiti wameshashika majembe. Kahama nako Abdulwahab akawapigia simu wale vijana wengine walifukie lile kaburi. Alipomaliza alikwenda mbele ya shemeji yake, na safari hii hakutaja vitabu.

"Shemeji, twende. Samahani."

"Nisubirini," Mwahija alisema.

Alikwenda kwenye nguzo ya lango, akaigusa. Akaanza kutembea pembeni ya uzio, magoti yanamuuma, akihesabu kwa sauti. Raudha alimfuata nyuma, Cornel akafuata nyuma ya Raudha. Pale pembeni majani yalikuwa yamekanyagwa yakawa ujia mwembamba, wa mtu mmoja. Alipofika sitini na tatu akasimama. Ujia ulikuwa bado unaendelea mbele kidogo, halafu unaishia mahali palipokuwa na udongo mtupu, upana wa msala.

"Alikuwa anasimama pale, mayu," Cornel alisema.

"Hatua zangu ni fupi," Mwahija alijibu.

Hakwenda mpaka pale. Aliomba dua hapo alipofikia, akageuka.

Makaburini Kharumwa, Hiace ilisimama barabarani. Wanaume waliliteremsha jeneza, likaingia mikononi mwa watu wageni waliokuwa wakipokezana kwa haraka kwa sababu ya jua, na Cornel, ambaye si wa dini yao, alikuwa amekuja na baiskeli akashika nguzo moja. Wanawake hawakuteremka. Kutoka garini Mwahija aliona migongo ya kanzu, na vumbi jepesi la majembe likipanda. Kaburi lenyewe hakuliona.

"Kutoka hapa mpaka kule kwa Sufiani ni umbali gani?" aliuliza.

Raudha alifungua mdomo. Kila siku darasani alikuwa akiwafundisha watoto kwamba umbali unahitaji nukta mbili. Aliufunga.

"Baba yako angejua," mama yake alisema.

*

Asubuhi ya pili nyumba ilijaa wanawake. Mwahija alikuwa chumbani kwake, ndani ya eda, amevaa nyeupe. Uani walikuwa wakichambua mchele wa kisomo na kumsifu marehemu, profesa asiye na makuu, na kila aliyeingia aliuliza jambo moja: mlimzika alipotaka? Abdulwahab, aliyekuwa akipokea wageni barazani, aliwajibu kwamba amezikwa Kharumwa. Hakusema zaidi, na watu wakaridhika.

Samia alisukuma mlango wa chumba akaingia na daftari, kalamu na rula. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini nywele alikuwa amezichana. Alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja, mkao aliokuwa akikaa mbele ya babu yake.

"Bibi, mlihesabu?"

Raudha alikuwa dirishani. Alimtazama mama yake haraka, akatikisa kichwa kidogo sana, na mtu asingeweza kujua kama anamwambia usiseme au anamwambia sema. Kurasa zilikuwa wazi kwenye magoti ya mtoto. Mwahija aliiona mistari ile, tarehe chini ya tarehe, ya mwaka huu na ya mwaka jana na ya mwaka juzi, yote imenyooka. Aliutafuta mwezi wa nane wa mwaka juzi. Uliandikwa kama mingine.

Aliwaza kwamba atamwambia. Mtoto ana miaka kumi na miwili, si mdogo. Atamwambia atakapotimiza kumi na mitano. Au akimaliza darasa la saba, mwezi wa tisa mwakani. Au mwezi ujao.

"Bibi?"

"Tulihesabu," Mwahija alisema.

"Ngapi?"

"Andika tarehe ya jana kwanza."

Samia aliandika tarehe, akangoja na kalamu.

"Hatua sitini na tatu," bibi yake alisema. "Mahali ni pazima."

Mtoto akaandika. Halafu akaweka rula na kupiga mstari chini yake, polepole, usipinde.